Moyo Wako Haukuwa na Ugonjwa

Uru, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Aika,

Sitaanza kwa kukujulia hali, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia unavyofunga zipu ya begi, unaifungua tena, unaongeza kitu. Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza: mashuka, ndoo, sweta la baridi ya Songea, namna ya kukaa na begi dogo miguuni ndani ya basi. Huko sina cha kuongeza. Mimi nina swali lako moja ambalo sijalijibu, na sitaki uondoke nalo.

Uliniuliza siku ile tulipotoka hospitali, pale nje ya geti, watu wanapita. Ulisema, "Baba, ulikuwa unaogopa nini?" Mimi nikaangalia barabara, nikasema tuwahi gari. Tangu siku hiyo hukurudia kuuliza. Kila asubuhi nimeamka nikisema leo nitamjibu, halafu ng'ombe, halafu kahawa, halafu mgeni, jua limezama. Mdomo wangu umeshindwa. Labda mkono utaweza. Naanza mbali kidogo, univumilie.

Ulipoingia kidato cha kwanza ulirefuka ghafla, ukawapita wenzako wote na baadhi ya walimu. Bibi yako aliyefika kutusalimia kutoka Mkuu alifurahi, akasema umechukua urefu wa ukoo wao. Wewe hukuufurahia. Ulianza kujikunja. Ulitembea mabega yamekuja mbele na kichwa chini, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Mezani ulikaa mwisho wa benchi na kila ukiulizwa ulijibu kwa neno moja. Mwalimu wako wa darasa aliniambia hunyooshi mkono hata kwa swali unalolijua. Nilidhani ni kiburi, nikakugombeza. Nilikuambia usimame kama mtu. Ulisimama, nikageuka, ukajikunja tena.

Halafu ukaanza kwenda Rau. Rafiki yako wa shule ndiye aliyekupeleka kwa Zuhura, yule dada wa mjini aliyekuwa akifundisha vijana kucheza kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja kule karibu na msitu, ngoma za makabila pamoja na hizi dansi za siku hizi. Mama yako alikuruhusu. Mimi sikukataa, nilidhani ni jambo la wiki mbili litapita.

Sikuwahi kuingia kwenye ule ukumbi. Nilichokiona ni kile kilichorudi nyumbani. Ulirudi na vumbi miguuni na chumvi ya jasho kwenye paji la uso, ukala kama mtu aliyetoka kulima, na ukaongea. Ulitusimulia habari za mvulana mmoja asiyejua kulia na kushoto, aliyekosea hatua mpaka wote mkaifuata ile hatua yake ya makosa, na Zuhura akasema basi iachwe hivyo hivyo, ni nzuri kuliko aliyoipanga yeye. Mama yako alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Siku nyingine nilikuwa kwenye kahawa, nikaona mtu anapanda njia ya kihamba kati ya migomba na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mgongo umenyooka, anaimba. Nilidhani ni mke wa jirani. Alipofika karibu ndipo nikaona ni wewe.

Mwalimu wako naye aliniambia umeanza kunyoosha mkono. Ninakuandikia haya ili ujue kwamba niliona. Wazazi wengine wanaweza kusema hawakuelewa kucheza kuna faida gani kwa mtoto wa umri ule. Mimi siwezi kujificha hapo. Nilijua ni kule kucheza kulikokurudisha kwetu, na nilijua kabla sijakunyang'anya.

Sasa nifike kwenye lile nililoliogopa.

Ilikuwa wiki ya Krismasi, wakati watu wote wamerudi mlimani na kila nyumba ina gari la mgeni. Jirani yetu alikuwa anabatiza mjukuu, akawaomba ninyi wa Rau mje mcheze. Mlikuja, mkacheza pale uwanjani mbele ya nyumba, na wewe ulikuwa mbele. Mimi nilikaa nyuma na wanaume wenzangu, tunapokezana kata ya pombe ya mbege. Nilikuangalia na nilijivunia. Hilo nalo ni kweli. Ulikuwa unazunguka na kanga yako, na ule urefu uliokuwa ukiuficha ulikuwa ndio unaokufanya uonekane kuliko wote.

Baba Prosper alikuwa amekaa kando yangu. Aliniegemea akasema, "Mathei, huyu wako ameshaiva. Anza kufunga geti mapema."

Mwingine akaongeza neno juu ya mwili wako ambalo sitaliandika. Wakacheka.

Nami nikacheka, Aika.

Si kicheko kikubwa. Ni kile cha mtu asiyetaka wenzake waone kwamba amechomwa. Nilipokea kata, nikanywa, nikampa aliyefuata. Na hapo hapo wewe ukageuka kule mbele, ukaniona nacheka, ukanitabasamia. Ulidhani nacheka kwa furaha ya kukuona.

Nimeishi na lile tabasamu kuliko ninavyoweza kukueleza. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Baba yako alikuwa amekaa na wanaume wanaokula mwili wako kwa maneno, naye akawapa kicheko chake, na wewe ukamshukuru.

Usiku ule sikuona aibu kwa ajili yangu. Hiyo ingekuwa afadhali. Niliona aibu kwa ajili yako, kana kwamba wewe ndiye uliyesema yale maneno. Nikaanza kukukaripia kwa vitu vidogo: sketi hii, kicheko hiki, kwa nini umechelewa kutoka Rau. Hukujua umekosa nini, na hukuwa umekosa kitu. Ilikuwa rahisi kwangu kukuondoa wewe pale mbele kuliko kumgeukia Baba Prosper na kumwambia afunge mdomo. Yeye ni mtu mzima mwenzangu, tunasali jumuiya moja na mimi ndiye mwenyekiti wao. Kumkatalia mbele za watu kulihitaji mwanaume ambaye mimi sikuwa. Wewe ulikuwa mtoto, nilijua utatii.

Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Si moyo wako wala si wavulana wa Rau. Niliogopa kutocheka pamoja nao, nibaki nikichekwa peke yangu. Nilipoandika mstari huu nimeuona ni mdogo mno kwa yale uliyolipa kwa ajili yake.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa natafuta namna ya kukuzuia bila kusema sababu. Namna ikaja yenyewe. Jumamosi ile uliamka alfajiri ukakata majani, ukashuka mjini bila kula, ukacheza kwenye joto, ukaanguka. Zuhura akakupakia kwenye bodaboda na kukushika mwenyewe mpaka hospitali. Nilipigiwa simu, nikashuka mbio. Hofu ya siku ile ilikuwa ya kweli, usidhani niliigiza.

Daktari alikupima kwa muda mrefu. Muuguzi alipokuwa anakusaidia kuvaa viatu, daktari akanitoa mpaka kwenye korido. Aliniambia huna ugonjwa wowote. Aliniambia ule asubuhi, unywe maji, na urudi kucheza, tena akasema kucheza kunakufaa kwa umri huo na nisikukataze. Nilimshukuru. Nilikuwa na furaha kabisa, Mungu ni shahidi wangu.

Halafu ukatoka mlangoni, umeshika ukuta, ukaniuliza, "Daktari amesemaje?"

Nikasema, "Amesema moyo wako ni dhaifu. Usicheze tena."

Sikuwa nimeyapanga. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliyafikiria kabla, sioni mahali. Yalitoka kama mtu anavyovuta mlango ulioachwa wazi. Nikajiambia ni kwa muda tu, nitamwambia ukweli mwezi ujao akishasahau mambo ya Rau. Mwezi ulifika na wewe ulikuwa umekwisha kuamini, na kuamini kwako kulikuwa kumeshaanza kukufanya mgonjwa.

Hapa ndipo najilaumu zaidi kuliko pale kwenye korido. Neno la korido lilikuwa la dakika moja. Yaliyofuata niliyafanya nikiwa nimekaa, nina akili zangu, siku baada ya siku.

Nilikwenda shule nikamwambia mkuu wako akutoe kwenye michezo. Mama yako alikuzuia kubeba maji, na mdogo wako Glory akachukua majani yako na ndoo yako. Glory aliwahi kuniuliza kule zizini kama na moyo wake yeye uko hivyo. Nilimwambia hapana, akaendelea kunitazama, hakuniamini sana. Mama yako alitaka twende hospitali nyingine ukapimwe zaidi. Nilimwambia daktari alisema hakuna dawa, ni kupumzika tu. Alipozidi kusisitiza nilikasirika, na nilikasirika vizuri sana, kama mtu anayeonewa.

Na wewe ulianza kusimama njiani. Ulikuwa ukipanda mlima mwepesi kuliko sisi sote. Sasa ukawa unafika kwenye kona ya kisima unaweka mkono kifuani, unasubiri. Jioni nilikuona umekaa kitandani, vidole viwili vimegusa shingo, unasikiliza mapigo. Mgongo ukarudi kujikunja. Marafiki wa Rau walikuja mara mbili tatu, ukakaa nao kwenye benchi kama bibi mgonjwa anayetembelewa, wakaacha kuja. Hukulalamika hata mara moja. Ulisema tu siku moja, ukiwa unamenya ndizi na mama yako, kwamba ni heri ugonjwa uligundulika mapema kuliko ungekufa ukicheza. Mama yako alikukumbatia. Mimi nilitoka nje.

Halafu Padre alikuja kukupa mpako wa wagonjwa. Mama yako ndiye aliyemwomba. Ulipiga magoti pale sebuleni, ukapakwa mafuta kwenye paji la uso na mikononi, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika mshumaa. Wiki ile ile nilikwenda kuungama. Nilisema hasira, nilisema pombe, nilisema wivu juu ya shamba la ndugu yangu. Hili sikulisema.

Kwa nini sikusema baadaye, hata ulipomaliza kidato cha nne? Nitakujibu bila kujipamba. Kila nilivyochelewa, ukweli uliongezeka uzito, na mimi nilikuwa nautazama uzito wake kwangu tu. Nilifikiri mama yako atanionaje, jumuiya itanionaje. Sikufikiri kwamba kila siku ninayoiongeza ni yako.

Nawe ulipopata nafasi ya chuo cha ualimu ukatakiwa kupimwa afya. Nilikwenda nawe nikijua. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikitumaini daktari atakuangalia haraka haraka apite. Lakini wewe, kwa uaminifu wako, ukamwambia mwenyewe kwamba una moyo dhaifu. Akakupeleka kwenye kipimo, tukasubiri, akaturudisha ndani. Alikuambia moyo wako ni mzima kabisa na hauna dalili ya kuwahi kuugua. Kisha akauliza, "Nani alikuambia una tatizo?"

Ulinigeukia. Sijui uliona nini usoni mwangu, ila uliona yote. Nilikuona unayaona. Ukamgeukia daktari ukasema kwa sauti ya kawaida, "Labda tulielewa vibaya siku ile."

Uliniokoa mbele ya mtu nisiyemjua, dakika ile ile uliyogundua nilivyokufanyia. Mimi kwa miaka yote ile sikuweza kukukinga na sentensi moja ya mlevi, na wewe umenikinga bila hata kuvuta pumzi.

Nje ya geti ukaniuliza swali lako. Tuliposhuka kwenye gari hukunisubiri. Ulipanda kwenda nyumbani kwa hatua ndefu, ukapita kona ya kisima bila kusimama, na mimi nikabaki nyuma nahema. Nilikaa kwenye jiwe. Nililia kwa sababu ulikuwa unakwenda vizuri sana.

Jioni ile nilimwambia mama yako. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa anakoroga mtori, akaendelea kukoroga. Nilipomaliza alisema, "Nilifunga Ijumaa zote kumwombea." Basi. Akaepua sufuria, akawapakulia, akala nanyi, na tangu siku hiyo analala chumba chenu. Ulidhani ni kwa sababu unaondoka. Ni kwa sababu yangu, na ana haki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Baba Prosper. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimkuta anatengeneza banda la kuku, nikamwambia kwamba alimsema vibaya binti yangu Krismasi ile, kwamba nilipaswa kumkatalia pale pale, na namkatalia sasa. Aliniomba nimkumbushe alisema nini. Nikamrudia maneno yake, hata kuyatamka kuliniuma. Alifikiri, akatikisa kichwa, akasema kweli hakumbuki, lakini kama alisema basi nimsamehe, ilikuwa pombe. Akanikaribisha nikae. Sikukaa.

Hakumbuki, Aika. Mimi nilikulaza kitandani kama mgonjwa kwa ajili ya maneno ambayo mwenyewe aliyasahau kabla kata haijamrudia.

Kulikuwa na mtu mwingine niliyemkosea. Hukujua kwamba wiki ile ulipoanguka Zuhura alipanda huku kukuona, amebeba machungwa kwenye mfuko. Nilimzuia getini. Nilimwambia alikaribia kuniulia mtoto. Alirudia "samahani baba" mpaka nikamfungia geti, akayaacha machungwa chini. Nilikuambia nimeyanunua mimi.

Nilishuka Rau kumtafuta. Bado yuko kwenye ukumbi ule ule. Kwa mara ya kwanza nikaingia ndani. Vijana walikuwa wanajiandaa, na kwenye kona kulikuwa na sufuria kubwa ya uji, kila anayeingia anapewa kikombe kwanza, hakuna anayeanza kucheza kabla hajanywa. Nilimwamkua, akanitambua, akasimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikamweleza kila kitu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

Akaomba kukaa. Aliniambia aliacha kufundisha kwa karibu mwaka mzima. Aliporudi, akaweka ule uji, na mpaka leo mtoto akihema sana anamsimamisha. Nilidhani nimemdhuru mtoto mmoja. Uongo wangu ulikuwa unakaa na watu nisiowajua, unakula nao, unalala nao.

Nilimuuliza, ingawa nimechelewa, mzazi wa mtoto anayecheza anatakiwa afanye nini. Nilidhani ataniambia ninunue viatu, au nije kupiga makofi kwenye maonyesho. Alisema makofi si lazima. Alisema mtoto ale kabla hajatoka nyumbani, baba ajue anarudi saa ngapi na kwa njia ipi, na akirudi asiulizwe ameshinda nini au amekuwa wa ngapi, aachwe asimulie anachotaka. Kisha akaongeza, "Na watu wakimsema, baba ajibu. Mtoto asijibu mwenyewe." Alisema kwa upole na hakuniangalia. Nilikaa kwenye benchi mpaka mazoezi yakaisha. Kulikuwa na msichana mmoja mfupi, mnene kidogo, anayecheza macho yamefumba. Baba yake alikuwa nje, ameegemea pikipiki, anasoma gazeti, anangoja. Ni kitu kidogo hicho. Kusimama nje na gazeti. Ningeweza kukifanya.

Niliporudi nilikuambia Zuhura anakukaribisha. Ulinijibu kwamba mwili wako umesahau, na kwamba wenzako wa zamani sasa ni watu wazima, huwezi kuanza na watoto. Sikukusukuma. Nilishakuamulia mwili wako vya kutosha.

Jumamosi iliyopita uliaga unaenda mjini. Ulirudi jioni, fulana imekugandia mgongoni, ukanawa, ukakaa mezani, ukala sahani mbili bila kusema neno. Glory alitaka kukuuliza, mama yako akamkanyaga mguu chini ya meza. Mimi niliangalia sahani yangu. Sijui ulikuwa wapi. Nilitaka sana kujua, na nikagundua kwamba huko kutaka kujua ndiko hasa ninakopaswa kujinyima.

Sikuombi unisamehe. Mama yako hajanisamehe na yeye anasali rozari kuliko sisi sote. Ukiweza siku moja, sawa. Usipoweza, bado nitakuwa baba yako, na simu yako nitaipokea hata kama ni ya kunigombeza. Kuna maneno ambayo ungepaswa kunitupia ukiwa na miaka kumi na minne, na kumi na tano, na kumi na sita. Yatakuwa bado yapo. Yalete wakati wowote.

Nitakuomba jambo moja tu, na hili nakuomba kama mtu aliyeufanya uongo huo, anajua unavyofanywa. Mtu yeyote akikuambia mwili wako hauwezi kitu, awe mwalimu, awe mchumba, awe padre, awe mimi, nenda ukaulize mwingine. Usione aibu. Usione unamkosea heshima. Anayekupenda kweli hataumia ukihakikisha.

Unaenda kuwa mwalimu wa watoto. Sitakufundisha kazi yako. Utawaona wale wanaojikunja kabla sijakueleza mimi, kwa sababu unajua kujikunja kunavyokaa ndani.

Na kama Songea kuna mahali watu wanacheza, na miguu yako ikikupeleka, ingia. Kama haikupeleki, kaa. Huna haja ya kunipigia simu kuniambia umecheza, wala kunitumia picha, wala kunithibitishia kwamba umepona ugonjwa ambao hukuwa nao. Nikikaa hapa mlimani bila kujua chochote, nitakuwa nimeanza kujifunza. Ngoma hiyo ni yako, mama yangu. Kacheze bila mimi.

Baba yako,
Mathei